Kosa la Waandishi wa Marekani Si Ukali, ni Ukaribu

Kuna hoja iliyozoeleka mno siku hizi, Marekani kwenyewe na hata huku kwetu, kwamba vyombo vya habari vya Marekani vimeharibika kwa sababu vimejigeuza wapinzani wa serikali. Wanaoishikilia wanasema mwandishi wa zamani alikuwa mtu wa heshima: alikaa katikati, akaandika alichoambiwa na upande huu na upande ule, akamwachia msomaji aamue. Wa leo, wanasema, anaamka asubuhi akiwa na neno moja tu moyoni, kumwangusha rais. Makamu wa Rais Spiro Agnew aliihubiri hoja hii mjini Des Moines Novemba 1969, alipowashambulia watangazaji wa televisheni kwa kuichambua hotuba ya Richard Nixon kuhusu Vietnam. Donald Trump aliifikisha mbali zaidi Februari 2017, alipoviita vyombo vikubwa vya habari adui wa wananchi. Kati ya hao wawili wamepita wanasiasa wa vyama vyote, wasomi, na hata wahariri wenyewe, wakiirudia kwa maneno laini: tumezidi ukali, ndiyo maana watu hawatuamini.

Naipinga hoja hiyo. Siipingi kwa kudhani kwamba waandishi wa Marekani ni watu safi. Makosa wanayo, na baadhi ya makosa hayo yamegharimu roho za watu. Lakini ukiyafuata moja baada ya jingine hadi yalikoanzia, utakuta kwamba mabaya kuliko yote hayakuzaliwa na chuki dhidi ya serikali. Yalizaliwa na imani kwa serikali, na mazoea ya kukaa nayo meza moja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tuanze na Jumapili ya tarehe 8 Septemba 2002. Asubuhi hiyo ukurasa wa mbele wa New York Times ulibeba habari ya Michael Gordon na Judith Miller kwamba Iraq ilikuwa ikitafuta kununua maelfu ya mirija ya alumini, ambayo maofisa wa Marekani waliamini ilikusudiwa kwa mashine za kurutubisha urani ya bomu la nyuklia. Maofisa hao hawakutajwa majina. Siku hiyo hiyo Makamu wa Rais Dick Cheney aliketi kwenye kipindi cha Meet the Press cha televisheni ya NBC, akaizungumzia mirija hiyo, na akalitaja gazeti kuwa ndilo lililoandika. Tazama mzunguko ulivyokamilika: serikali inamnong'oneza mwandishi, mwandishi anaandika bila kumtaja aliyemnong'oneza, kisha serikali inasimama mbele ya taifa na kulifanya gazeti shahidi wake.

Wakati huo wataalamu wa Wizara ya Nishati ya Marekani, watu wanaozijua mashine za urani kwa kuzifanyia kazi, walikuwa na shaka kubwa. Kwa maoni yao mirija ile ilifaa zaidi kwa roketi za kawaida. Shaka yao haikupata ukurasa wa mbele. Katika Washington Post, mwandishi mkongwe Walter Pincus aliandika habari zilizohoji ushahidi wa serikali, nazo zikasukumwa kurasa za ndani. Vita vikaanza Machi 2003. Oktoba 2004 ripoti ya Charles Duelfer, aliyeongoza ukaguzi wa silaha kwa niaba ya Marekani yenyewe, ikathibitisha kwamba Iraq haikuwa na akiba ya silaha za maangamizi. Kufikia hapo Wairaqi walikuwa wakizikana, na hesabu ya wanajeshi wa Marekani waliouawa ilikuwa ikipanda kuelekea zaidi ya 4,400.

Sasa nauliza: hapo waandishi walikosea kwa ukali? Nani alikuwa mkali? Habari hizo zilijaa sauti za wakubwa, na zingine ziliwanukuu wakimbizi wa Iraq walioletwa mbele na watu waliotaka vita. Kilichokosekana ni mtu wa kusema: leta ushahidi, nani mwingine anajua, na asiyekubaliana anasemaje.

Watu wa namna hiyo walikuwapo. Jonathan Landay na Warren Strobel wa ofisi ya Washington ya kampuni ya Knight Ridder, chini ya mhariri John Walcott, waliandika miezi mingi kabla ya vita kwamba ndani ya idara za ujasusi kulikuwa na wasiwasi mkubwa kuhusu madai ya Ikulu. Waliipata vipi habari iliyowapita wenzao mashuhuri? Kampuni yao haikuwa na gazeti New York wala Washington, kwa hiyo mawaziri na washauri wa rais hawakuhangaika kuwabembeleza. Wakawaendea maofisa wa ngazi za kati na za chini, wale wanaosoma ripoti zenyewe badala ya kuhutubia juu yake. Kukosa nafasi karibu na wakubwa ndiko kulikowaokoa. Mkono mtupu haulambwi, na mwandishi anayelishwa habari za siri na waziri kila wiki anajua kwamba siku moja ataulizwa ameleta nini.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi katika kisa hiki. Mei 2003 New York Times iligundua kwamba mwandishi wake kijana, Jayson Blair, alikuwa akibuni habari na kunakili za wengine. Gazeti likamwanika: makala ya zaidi ya maneno 7,000, kuanzia ukurasa wa mbele, ikieleza uongo wake mmoja mmoja. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 26 Mei 2004, wahariri wa gazeti hilo hilo walikiri kwamba habari zao za Iraq hazikuhakikiwa inavyostahili. Ungamo hilo lilichapwa ukurasa wa 10, bila kumtaja mwandishi hata mmoja. Kijana aliyedanganya kwamba alifika mahali ambapo hakufika alipewa ukurasa wa mbele. Habari zilizosaidia kulipeleka taifa vitani zilipewa ukurasa wa ndani. Hapo ndipo unapoona namna maadili ya uandishi yalivyopotoshwa: yanamkamata haraka aliyelikosea gazeti, na yanasuasua mbele ya aliyewakosea wananchi akiwa pamoja na serikali yao.

Ugonjwa huo umeigusa hata ile ahadi tukufu ya kutomtaja mtoa habari. Mwaka 2005 Judith Miller alikaa jela siku 85 akikataa kumtaja aliyezungumza naye kuhusu Valerie Plame, ofisa wa shirika la ujasusi la CIA. Wengi walimwona shujaa. Lakini aliyekuwa akilindwa ni nani? Ni Lewis Libby, mkuu wa ofisi ya Cheney. Mume wa Plame, Balozi Joseph Wilson, alikuwa amejitokeza hadharani Julai 2003 kupinga madai ya serikali kwamba Iraq ilitafuta urani barani Afrika, na kazi ya siri ya mkewe ikavujishwa kwa waandishi. Ahadi ya usiri iliwekwa ili anayehatarisha mkate wake aweze kusema ukweli dhidi ya mwenye nguvu. Mark Felt, naibu mkuu wa FBI aliyewasaidia waandishi wa kashfa ya Watergate, ile iliyoishia kwa Nixon kujiuzulu, alikuwa na cheo kikubwa, lakini alikuwa akijihatarisha mbele ya rais wake mwenyewe. Libby alikuwa akimfanyia kazi mkubwa wake. Mhariri asiyeona tofauti ya watu hao wawili hana haki ya kujisifu kwamba analinda vyanzo vyake.

Watetezi wa hoja ninayoipinga hawatakosa jibu. Watasema: sawa, Iraq ilikuwa aibu, lakini kuna siri ambazo gazeti likizichapa linaua watu, na mwandishi muungwana huisikiliza serikali inapomwomba anyamaze. Nakubali kwamba siri za namna hiyo zipo. Mahali meli ya wanajeshi ilipo usiku huu, jina la jasusi aliye katikati ya maadui: hayo hayachapwi, na sijui mhariri wa maana wa Marekani anayedai haki ya kuyachapa. Lakini itazame historia ya maombi ya serikali yenyewe.

Juni 1971 New York Times ilianza kuchapa Nyaraka za Pentagon, historia ya siri ya vita vya Vietnam iliyovujishwa na mchambuzi wa kijeshi Daniel Ellsberg. Serikali ya Nixon ilikimbilia mahakamani ikidai kwamba usalama wa taifa ungedhurika vibaya. Tarehe 30 Juni Mahakama ya Juu ikayapa magazeti ushindi, majaji 6 dhidi ya 3. Wakili mkuu wa serikali aliyesimama mbele ya majaji kudai madhara hayo alikuwa Erwin Griswold. Miaka 18 baadaye, Februari 1989, Griswold mwenyewe aliandika katika Washington Post kwamba hakuwahi kuona dalili yoyote ya usalama wa taifa kutishiwa na uchapishaji ule, na kwamba mara nyingi mihuri ya siri hulinda serikali isiaibike. Huyu si mwanaharakati. Ni wakili wa serikali anayeikana hoja yake mwenyewe.

Na pale gazeti liliposikiliza ombi, ilikuwaje? Mwaka 2004 James Risen na Eric Lichtblau wa New York Times waligundua kwamba shirika la ujasusi la NSA lilikuwa likisikiliza mawasiliano ya watu ndani ya Marekani bila kibali cha mahakama, kwa agizo la Rais George W. Bush. Ikulu iliomba habari isitoke. Wahariri wakakubali. Uchaguzi wa Novemba 2004 ukapita, wananchi wakampigia kura au wakamnyima bila kujua. Habari ilitoka tarehe 16 Desemba 2005, baada ya Risen kuamua kuiweka kwenye kitabu chake kilichokuwa kinakaribia kutoka. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer. Kama ilikuwa habari njema ya kutuzwa mwaka 2006, ilikuwa haki ya mpigakura mwaka 2004. Uwajibikaji una saa yake. Ukweli unaoletwa baada ya kura kuhesabiwa umemkuta mwenye haki yake ameshaondoka kituoni.

Jibu la pili la wapinzani wangu ni uwiano. Mpe kila upande nafasi sawa, wanasema, nawe utakuwa umetenda haki. Uwiano huo ulimlea Seneta Joseph McCarthy. Tarehe 9 Februari 1950, mjini Wheeling, West Virginia, alidai ana orodha ya wakomunisti 205 waliomo katika Wizara ya Mambo ya Nje. Siku chache baadaye idadi ikawa 57. Magazeti yaliandika kila idadi kwa uaminifu, kwa kuwa seneta amesema, na kesho yake yakaandika kanusho la wizara, kwa kuwa wizara imekanusha. Kila upande ulipata nafasi yake, na watu wasio na hatia wakapoteza kazi. Kama seneta anasema mvua inanyesha na wizara inasema jua linawaka, kazi ya mwandishi ni kufungua dirisha. Kuwanukuu wote wawili kisha kwenda kulala ni uvivu uliovikwa kanzu ya haki.

Jibu la tatu ni takwimu za imani, na hili linarudiwa kana kwamba limemaliza mjadala. Ni kweli, Gallup inaonyesha kwamba mwaka 2025 ni Wamarekani 28 tu kati ya 100 waliosema wanaviamini vyombo vya habari kwa kiasi kikubwa au cha kutosha. Lakini turudi nyuma. Imani hiyo ilifika kileleni, 72 kati ya 100, mwaka 1976. Ni miaka mitano tu baada ya Nyaraka za Pentagon, na miwili baada ya Nixon kujiuzulu. Yaani imani ilikuwa juu kabisa mara baada ya kipindi ambacho magazeti yalikabana na serikali kuliko wakati mwingine wowote. Mwaka 2004, katikati ya aibu ya Iraq, ilishuka hadi 44. Sidai kwamba chanzo ni kimoja. Mgawanyiko wa vyama umefanya kazi kubwa. Ila anayesema ukali ndio ulioua imani atueleze kwanza habari ya mwaka 1976.

Na kwa kuwa tumefika Watergate, tuisome vizuri. Bob Woodward na Carl Bernstein hawakuwa waandishi wa Ikulu. Walikuwa wa dawati la habari za mji, lile la wizi na kesi za asubuhi, na ndiyo sababu uvunjaji wa ofisi za chama cha Democratic, Juni 1972, uliangukia mikononi mwao. Waandishi wa Ikulu waliokuwa wakisafiri na Nixon hawakuipata habari ile. Miaka mitatu kabla, mauaji ya raia katika kijiji cha My Lai, Vietnam, yalifichuliwa na Seymour Hersh, mwandishi wa kujitegemea asiye na kiti katika chumba chochote cha mkutano wa serikali. Woodward na Bernstein nao walikosea: Oktoba 1972 waliandika kwamba Hugh Sloan, mweka hazina wa kampeni, alikuwa amemtaja H. R. Haldeman, mkuu wa ofisi ya Nixon, mbele ya jopo la uchunguzi la mahakama, kumbe hakuwahi kuulizwa. Ikulu iliwaandama kwa kosa hilo. Wakarudi kuhakiki upya, wakaendelea. Wala hawakumng'oa rais peke yao: Jaji John Sirica, kamati ya Seneta Sam Ervin, na Mahakama ya Juu iliyoamuru kanda za mazungumzo ya Nixon zitolewe Julai 1974, wote walifanya sehemu yao. Hivyo ndivyo uwajibikaji unavyofanya kazi. Gazeti linafungua jalada, na vyombo vya sheria vinalisoma.

Mtu asidhani nazungumzia chama kimoja. Ukaribu una sura nyingi. Fox News ilikubali kuilipa Dominion, kampuni ya mashine za kura, dola milioni 787.5 Aprili 2023, baada ya ujumbe wa ndani kuonyesha kwamba watangazaji wake hawakuyaamini madai ya wizi wa kura ya 2020 waliyoyapa nafasi hewani. Walikuwa karibu mno na kambi ya watazamaji wao kuweza kuwaambia ukweli. Upande wa pili, Wall Street Journal ilipoandika Juni 2024 kuhusu dalili za uzee kumlemea Rais Joe Biden, Ikulu iliishambulia na baadhi ya waandishi wakajiunga katika kuibeza. Wiki tatu baadaye mdahalo wa tarehe 27 Juni ukawaonyesha Wamarekani wote kile ambacho waliokuwa karibu naye walipaswa kukisema mapema.

Serikali ya sasa ya Trump inaijua thamani ya ukaribu, na imeugeuza kuwa kamba. Februari 2025 Ikulu iliwafungia milango waandishi wa Associated Press kwa sababu shirika hilo liliendelea kuandika Ghuba ya Mexico badala ya jina jipya alilolitaka rais. Machi mwaka huo huo amri ya rais ilikwenda kuidhoofisha taasisi inayosimamia Sauti ya Amerika. Wafanyakazi zaidi ya 1,300 waliwekwa likizo ya lazima, na wasikilizaji wa Idhaa ya Kiswahili walipata hukumu hiyo majumbani mwao, redio ikiwa kimya. Sauti ya Amerika inalipwa na serikali ya Marekani, lakini sheria iliyosainiwa na Rais Gerald Ford mwaka 1976 inaitaka itoe habari sahihi na za kuaminika, si sifa za mtawala. Oktoba 2025 Wizara ya Ulinzi iliwapa waandishi masharti mapya ya kufanya kazi ndani ya Pentagon, na wengi wao, wa vyombo vya mirengo tofauti, wakarudisha beji zao na kuondoka na maboksi yao.

Kuwafukuza waandishi ni dhuluma, na mahakama zinapaswa kuipinga. Lakini waliorudisha beji hawakupoteza uandishi wao. Wamelazimishwa kurudi mahali ambapo Hersh alikuwa, na Landay, na Strobel: nje ya chumba, kwa watu wanaojua na wasiohutubia.

Huko nje kazi ni nyingi kuliko wafanyakazi. Bell ni mji mdogo wa wafanyakazi karibu na Los Angeles, wenye watu wasiofika 40,000. Kwa miaka, waandishi waliacha kuhudhuria vikao vya baraza lake. Julai 2010 Los Angeles Times ikafichua kwamba meneja wa mji huo, Robert Rizzo, alikuwa akilipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya mshahara wa rais wa Marekani, huku wakazi wakitozwa kodi nzito. Mwaka 2014 alihukumiwa kifungo cha miaka 12. Hakuna aliyehitaji mnong'ono wa waziri kuipata habari hiyo. Ilihitaji mtu wa kwenda ofisi ya mji na kudai mikataba. Tangu 2005 Marekani imepoteza zaidi ya theluthi moja ya magazeti yake, mengi yakiwa ya miji kama Bell. Anayelia juu ya maadili ya vyombo vya habari na hasemi neno juu ya pigo hilo analia kwenye msiba usio wake.

Kwa hiyo maadili ninayoyadai yanaeleweka na mhariri yeyote. Ofisa anayeisifu au kuitetea serikali yake asifichwe jina. Usiri ubaki kwa anayejihatarisha. Kosa lisahihishwe mahali lilipofanyika: lililochapwa ukurasa wa mbele lisahihishwe ukurasa wa mbele, likiwa na majina. Serikali inayoomba habari izuiwe itaje madhara mahususi na muda wake, na uchaguzi usiwe kamwe sababu ya kusubiri. Wahariri wapeleke watu wao bora kwenye nyaraka, mahakamani na kwenye mabaraza ya miji, badala ya kuwarundika katika chumba kimoja cha Ikulu wakingoja kuitwa.

Anayetaka kuviponya vyombo vya habari vya Marekani asiviambie vipunguze ukali. Waliokufa Iraq hawakufa kwa sababu mwandishi fulani alimuuliza rais swali lisilo na adabu. Walikufa katika vita ambavyo maswali yake hayakupewa ukurasa wa mbele wakati yalipoweza kusaidia, na waliokuwa na nafasi ya kuyauliza walikuwa karibu zaidi na wenye kujibu kuliko na watu waliopelekwa kufa.